Barafu ya nguru

Jana asubuhi, soko la samaki Malindi, kijana alikuwa akiponda barafu ndani ya gunia ili afukie nguru wa tajiri wake. Mlio ule ukanirudisha Dubai, Agosti, saa nane za usiku, kipimajoto mkononi.

Kule nilikuwa kibarua kwenye ujenzi wa mnara. Kazi yangu ilikuwa langoni: kila mikisa, lori lichanganyalo zege, ikiingia, niipime kabla haijamwaga kwenye pampu. Nguzo za chini za jengo refu hutaka zege kali, na ukali ni simiti nyingi, na simiti ikishakutana na maji hutoa joto lake yenyewe. Zege ikifika tayari ina joto, hukaza kabla ya kupanda. Tena nguzo nene huwaka ndani huku nje imepoa, ikapasuka. Ndiyo maana sehemu ya maji hutolewa, ikatiwa barafu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto ambalo lingepandisha kilo ya maji nyuzi 80. Maji baridi matupu hayafui dafu. Hata Burj Khalifa, msimu wa joto, walimwaga usiku zege yenye barafu, pampu zikaisukuma kupita mita 600. Mnara wetu kwake mtoto, lakini nasi tulikuwa na kikomo: nyuzi 32.

Mikisa ya tisa ilichelewa njiani. Nikakinga zege kwenye toroli, nikachomeka kipimajoto. 30. 31. Dereva, mzee wa Kipakistani, alishuka akasimama kando, hasemi, macho kwenye mkono wangu. 32. Mshale ukapita taratibu, ukatulia 33. Nikajaza koni ya kupimia ulaini wa zege, nikaiinua: zege ikatandaa sentimita 60, duara safi, kokoto zimefika hadi ukingoni, maji hayakujitenga. Ukiitazama tu, ungeapa ni nzima. Redioni wanapiga kelele, pampu imesimama. Bomba la milimita 150 hubeba karibu mita za ujazo 1.8 kila mita 100, na zege ikigandia humo mtalifungua kipande kwa kipande, nyundo mkononi, mpaka jua liwake.

Nikaandika 32.

Kyubu, vipande vya zege ile vya kupimia ukali, zilipopondwa siku ya 28 zilifaulu zote. Ila kyubu zililazwa kwenye tangi la maji ya nyuzi 20. Nguzo haikulala humo. Mwaka juzi binamu yangu alinitumia picha yake mbele ya lile jengo. Nikaikuza, nikahesabu ghorofa kutoka chini, hesabu ikapotea, nikaanza upya. Yeye mwenyewe sikumtazama hata alivaa nini.

"Mzee, wataka nguru au waangalia barafu?"

Nikachukua kilo mbili. Akanitilia kibarafu kiduchu juu, nikamwambia, "Ongeza, mwanangu." Akacheka, maana ajua mimi nakaa hapo Shela tu, si mwendo wa robo saa.

"Ongeza."