Picha Ilifika, Maombi Yakabaki Njiani

Bwana asifiwe, wapendwa. Tafakari ya juma hili inanihusu mimi kuliko mtu mwingine yeyote, basi mnivumilie.

Alhamisi moja usiku, mwendo wa saa tatu, nilikuwa jikoni kwangu Kayole nikichambua maharagwe, simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa namba nisiyoijua: kijana fulani, jina lake kamili, amekopa na amekataa kulipa, wewe uliye karibu naye mwambie alipe leo. Nilimjua. Ndiye anayetupigia kinanda kanisani. Kumbe hawa wa mikopo ya simu walikuwa wameingia kwenye orodha ya watu wote walio kwenye simu yake, nami nimo.

Nikaupiga skrinshoti, nikaipeleka kwenye kikundi chetu cha maombi, watu themanini na kitu, na chini yake nikaandika: "Wapendwa, tumuombee ndugu yetu." Kisha nikarudi kwa maharagwe yangu. Moyo ulikuwa shwari kabisa, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Amina zikamiminika. Hakuna aliyeuliza kama mwenyewe ameomba aombewe. Hakuwa hata kikundini.

Jumapili kinanda kilikuwa kimefunikwa kitambaa.

Bwana Yesu alisema, "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu" (Mathayo 18:15). Nimeusikia mstari huo tangu shule ya Jumapili, na siku zote nilikazia "ukamwonye". Yale maneno ya mwisho nilikuwa nayapita tu. Hapo anayezungumziwa ni mtu aliyekosa kweli, na bado anaendewa faraghani. Huyu wetu hakuwa amenikosa chochote! Deni lilikuwa kati yake na aliyemkopesha. Hata kanuni za Benki Kuu ya Kenya za 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali zinawakataza kumsumbua mdaiwa kupitia watu walio kwenye simu yake. Mkopeshaji alivunja kanuni, mimi nikammalizia kazi, bure, tena kwa jina la maombi.

Nilijaribu kuifuta ile picha kikundini. Muda wa kufuta ulikuwa umeshapita, na isitoshe ilikuwa imekwisha kutoka. Jumatatu ilinirudia kutoka kwa binamu yangu wa Rongai, ambaye hata kanisa letu halijui, ikiwa na ile mishale miwili ya kuonyesha imepita mikono mingi. Maneno yangu ya "tumuombee" hayakuwepo. Yalidondoka mahali fulani njiani. Picha peke yake ndiyo iliyofika, na jina la mtoto wa watu juu yake.

Wengine husema shetani yumo kwenye simu. Mimi sidhani. Zamani tulisengenya bombani tukingoja maji, na tulianza vivyo hivyo: "Nakwambia ili umuombee." Tofauti ni kwamba bombani tulikuwa wanne, na mmoja wetu alikuwa na aibu ya kututazama usoni.

Jumanne nilikwenda kwake. Alinikaribisha, akasuuza kikombe, akanimiminia chai ya rangi. Deni lenyewe lilikuwa shilingi 3,500, na alikuwa ameshalipa zaidi ya nusu. Nilimwomba msamaha. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama, wale wa mkopo nilijua watafanya hivyo. Nyinyi sikujua."

Sikuwa na jibu. Nilikunywa chai ile hadi ikaisha, na kwa mara ya kwanza tukaomba, yeye na mimi peke yetu. Yeye ndiye aliyeomba.

Kinanda bado kimefunikwa, na nawasihi msimpigie simu kumuuliza atarudi lini. Kabla ya kuwatumia tafakari hii nilimpelekea kwanza aisome. Aliisoma mara mbili, akaniambia niondoe jina la mtaa wake. Nimeliondoa.