Ukipita Katesh, tazama juu mlimani

Barabara ya Singida kwenda Babati pale Katesh, mkoani Manyara, Tanzania, inapita chini kabisa ya mlima Hanang, na ile Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023 tope likashuka na mawe na magogo likaingia mjini, likafunga barabara, watu zaidi ya 80 wakafa. Wataalamu wa serikali walisema sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua mpaka ikameguka.

Kinachoniuma ni kwamba kalavati nyingi za milimani, yaani mifereji ya kupitisha maji chini ya barabara, zinapigiwa hesabu ya maji tu. Tope la mawe ni zito karibu mara mbili ya maji, linabeba jiwe kubwa kama gari la Noah, likifika kwenye kalavati gogo moja linakingama, mawe yanajazana nyuma yake, dakika chache tu tope lishapanda juu ya lami linatafuta njia kwenye nyumba za watu.

Kwahiyo ukikagua barabara ya milimani, iwe Hanang iwe Lushoto, usiishie kuangalia lami. Panda kila korongo linaloikata. Angalia mwinuko, angalia udongo na mawe yaliyolegea humo ndani ni mengi kiasi gani, miti imekatwa au imeungua? Halafu chimba pale mdomoni mwa korongo: maji ya kawaida hupanga mchanga na kokoto kwa tabaka, ila tope linamwaga vyote pamoja, jiwe kubwa limezama kwenye udongo laini, ukikuta hivyo ujue lilishawahi kupita hapo na linaweza kurudi. Wazee wa kijiji nao waulizwe, wanajua.

Na mvua jamani isipimwe kwa siku nzima tu, robo saa ya mvua kali inatosha. Kule Colorado, Marekani, moto uliunguza korongo kubwa la Glenwood Canyon Agosti 2020, kiangazi kilichofuata wakawa wanaifunga barabara kuu ya I-70 inayopita humo kila tahadhari ya mafuriko ya ghafla ikitolewa, na bado usiku wa Julai 29, 2021 tope lilishuka watu zaidi ya 100 wakakwama humo, barabara ikafungwa kama wiki mbili.

Ningependa sana barabara zetu za milimani ziwe na vipima mvua kule juu kabisa, sio mjini tu, na awepo mtu mwenye mamlaka ya kushusha geti saa tisa usiku, mabasi yasimame, bila kusubiri kibali cha ofisi.