Okei ya Mwanza siyo lazima iwe ndiyo

Kuna neno moja la kizungu ambalo hata bibi yangu wa Magu analitumia, anaongea Kisukuma chake mwanzo mwisho alafu katikati anachomeka okei, na ukimwambia hilo ni la kizungu anakuangalia tu. Wengine wanasema oke, wengine oki, kwenye meseji utakuta ok, oky, okey, na wale wavivu wa kuchapa wanakutumia k peke yake na unakaa siku nzima unajiuliza umemkosea nini. Watu tunaamini okei maana yake ndiyo, nimekubali. Mi nabisha. Ukisikiliza vizuri hapa mjini utagundua okei kazi yake kubwa ni kusema nimekusikia, kukubali ni habari nyingine kabisa.

Nenda pale Mwaloni Kirumba asubuhi wakati dagaa wameshamwagwa na watu wameanza kuulizana bei. Mteja anauliza gunia, mama anataja. Sasa mteja akiguna, akasema dah mama hiyo bei mbona kali hivyo, ujue biashara ipo, hapo watavutana, huyu atashusha kidogo yule atapandisha kidogo, watataniana na Usukuma na Ukerewe wao, mwisho gunia linabebwa. Ila mteja akitajiwa bei akajibu okeeeei, kwa kuivuta hivi, huku macho yameshahamia kwa muuzaji wa pili, imeisha hiyo. Huyo harudi. Na wauzaji wanalijua hilo ndo maana utasikia anaitwa haraka haraka, we baba njoo basi, sema una shilingi ngapi. Hiyo okei ni hapana iliyovalishwa adabu, maana kumwambia mama wa watu hapana kavu kavu usoni inakuwa kama umemtusi. Kwenye kayabo, wale samaki wa chumvi, ni vilevile, kwenye mabondo, vile vibofu vya sangara, sijui maana huko hela zake siziwezi.

Palepale kuna lori linarudi nyuma kupakia, utingo kasimama anapiga kelele njoo, njoo, njoo, kata kidogo, njoo... okei! Hapo okei ni simama. Toka nje barabarani panda daladala ya Buzuruga, konda akishajaza watu mpaka wa mlangoni anagonga bati, okei suka! Hiyo ni ondoka. Neno lilelile linasimamisha lori na linaondoa daladala na sijawahi kuona dereva kachanganya, kwa sababu dereva haelewi kwamba okei ni simama wala ondoka, anachoelewa ni kwamba hatua iliyokuwepo imeisha.

Kwenye simu ndo usiseme. Sisi huku mtu hakati simu hivi hivi, kukata simu ni safari. Haya okei... haya... okei basi wasalimie... haya sawa... okei... eeh na yule mtoto aliendelea vipi? Na mnaanza upya. Okei ya kwanza kwenye simu ni taarifa tu kwamba mtu ameanza kufikiria kuaga, usije ukakata hapo, utaambiwa una kiburi.

Sasa limetoka wapi. Ukiuliza kwenye vijiwe vya kahawa kule Makoroboi utapewa stori ya vita, kwamba wanajeshi wakirudi bila kupoteza mtu walikuwa wanaandika 0 na herufi K, yaani sifuri waliouawa, na anayekuambia anakuambia kwa uhakika kama alikuwepo. Stori tamu lakini ushahidi hamna. Wengine wanasema ni la Wagiriki, ola kala, mambo yote mazuri. Rais Woodrow Wilson wa Marekani yeye aliamini limetoka kwa Wachoctaw, wenyeji wa kule, na akawa anaandika okeh kwenye makaratasi anayoyapitisha.

Aliyekuja kulichimba mpaka chini ni profesa mmoja Mmarekani, Allen Walker Read, aliyetoa makala zake 1963 na 1964 baada ya kupekua magazeti ya zamani. Alichokikuta kimenichekesha sana. Mwishoni mwa miaka ya 1830 kule Boston waandishi wa magazeti walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno huku wameyakosea makusudi, yaani kama enzi zile vijana tulivyokuwa tunaandika xaxa na cjui kwenye meseji tukajiona wajanja. "All correct", yaani yote sahihi, wakaifanya "oll korrect", ukichukua herufi za mwanzo unapata o.k. Ikachapwa kwenye gazeti la Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839. Kwa hiyo utani wenyewe ni kwamba neno linalosema yote sahihi lenyewe halina hata herufi moja sahihi. Kulikuwa na ndugu yake pia, o.w., ya "oll wright", lakini hiyo ilikufa na leo hamna anayeikumbuka.

OK kilichoiokoa ni siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa anagombea tena, kwao ni kijiji cha Kinderhook jimbo la New York, wafuasi wake wakampa jina Old Kinderhook, mzee wa Kinderhook, herufi zikaingiana, wakaanzisha vilabu vya O.K. Wapinzani nao wakaligeuza wakawa wanawatukana nalo. Uchaguzi wenyewe alishindwa na William Henry Harrison, lakini neno likabaki. Alafu ikaja simu ya waya ya maandishi, telegrafu, watu wa mitambo wakawa wanalitumia kujibu kwamba ujumbe umefika. Umeona? Umefika. Hawakusema tumekubaliana na kilichoandikwa humo ndani. Kwa hiyo yule mteja wa Mwaloni anayevuta okeeeei yake yuko kwenye mstari kabisa.

Na kizungu chenyewe kiko hivyo hivyo. Mzungu ukimuuliza chakula kikoje akajibu ni okei, usifurahi, hajakisifia, amesema kinakulika. Mpikie mtu sato wa kuchoma kwa ndizi, pilipili umeiweka pembeni vizuri, alafu akuambie iko okei! Hata mgonjwa, ukiuliza anaendeleaje ukaambiwa yuko okei, we uliza tena.

Sawa yetu ni nzito kuliko okei, hilo mi sibishani na mtu. Mwambie shemeji Jumapili nakuja na familia. Akisema sawa, kuku ameshahesabiwa. Akisema okei anasubiri kwanza akuone umeshuka stendi Nyegezi. Na bosi ukimweleza kwa nini umechelewa akasema okei bila kuinua kichwa, kaa mkao wa kula.

Kuna kitu kingine nilikipenda. Apple walipokuwa wanatengeneza kompyuta yao ya Lisa, ile iliyotoka 1983, kwenye kitufe cha kukubali waliandika "Do It", yaani fanya, kwa sababu OK waliiona ya mtaani mno. Wakaita watu waijaribu, watu wakawa wanakikwepa kile kitufe, mmoja akakasirika kabisa. Kumbe I kubwa wanaiona kama l ndogo, wanasoma "dolt", mpumbavu. Wakaweka OK na mpaka leo dunia nzima inabonyeza OK.

Sisi ambao simu zetu tumeziweka Kiswahili tumeandikiwa Sawa. Hapo ndo sijaelewana nao. Simu inaniambia nafasi ya kuhifadhi imejaa, siwezi kupiga picha tena, ziwa limependeza jioni pale Capri Point na mi nimesimama na kitufe kimoja tu chini, Sawa. Sawa gani? Mi sijakubali ijae, nimesikia tu, si wangeniachia okei yangu.