Jogoo wa elfu 80

Wana Tabora mlio nje, kabla hamjakata tiketi ya kurudi nyumbani, someni kwanza. Mengine mtayazoea wenyewe. Maji ya Ziwa Victoria yanatoka bombani, na ninyi mliobeba ndoo enzi za bwawa la Igombe mtabaki mnayatazama kama washamba. Miembe ipo. Michembe ipo, karanga za kuilia zimepanda bei. Basi. Mimi lililoninyima usingizi ni mnada wa kanisani.

Mnada mnaujua, haukuanza leo. Mkulima wa tumbaku wa Sikonge au Urambo anashika noti za maana msimu wa masoko tu. Miezi mingine sadaka yake ni debe la mahindi, kuku, chupa ya asali, bakuli la matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha. Kanisa haliwezi kumlipa fundi kwa matobolwa. Ndiyo maana baada ya ibada mzee mmoja alisimama chini ya mwembe akauza, mwenye hela akanunua kwa bei ya soko au pungufu, watu wakaenda kupika. Sisi watoto tulikuwa tukizengea embe zilizopondeka.

Sasa Jumapili yangu ya kwanza nikamsindikiza shangazi kanisani kwake. Si kanisa nililokulia, mimi ni Mmoraviani wa kuzaliwa, na la shangazi silitaji. Nilivaa gauni la kawaida na ndala za kushindia. Kumbe shangazi ameshapeleka habari. "Tuna binti yetu kutoka Ujerumani!" Vigelegele. Nikasimamishwa, nikapewa maiki, nikasema mwangaluka, Bwana asifiwe, nikakaa. Nikadhani yameisha.

Mnada wa siku hizi uko ndani. Una mshereheshaji, una spika, una kijana wa kinanda anayepandisha sauti kila bei inapopanda. Akaletwa jogoo mwekundu ambaye sokoni hafiki elfu 30. Aliyemnunua kwanza kwa elfu 40 hakuondoka naye, "alimrudisha madhabahuni", akanadiwa upya. Wa elfu 50 naye akamrudisha. Raundi ya tatu shingo zote zikanigeukia, mshereheshaji anauliza kama Ujerumani kuna njaa, shangazi ananifinya paja. Elfu 80! Nilicheka mpaka machozi, sitaki kudanganya, ile ni burudani kuliko taarabu. Likatangazwa jina langu, kikatangazwa kiasi. Halafu mshereheshaji akawaomba wote waliotoa chini ya elfu 5 wasimame wanipigie makofi.

Wakasimama. Wakapiga.

Kicheko kiliishia pale. Kanisa zima likangoja nimrudishe jogoo madhabahuni, nikamkumbatia kifuani nikakaa naye, naye akanichafua gauni. Nikamuuliza shangazi huyu kuku kaletwa na nani. Akanionyesha kwa kidevu bibi mmoja benchi la nyuma, mguu umefungwa kipande cha kanga. Alikuwa mmoja wa waliosimama. Jina lake halikutajwa popote, wakati sadaka ilikuwa yake na mimi nilikuwa mnunuzi tu.

Jioni tukaenda kwake, Isevya. Kidonda kiko chini ya ugoko, cha muda mrefu, kinanuka. Hospitali haendi kwa sababu hana wa kumsindikiza; kanisani anapelekwa na mjukuu kwa baiskeli. Nikamuuliza kama wa kanisani wanakuja kumwona. "Wananitumia meseji, mwanangu. Na elfu 5 walinitumia, kwenye simu ya jirani." Jirani mwenyewe ni mama wa Kiislamu, na ndiye anayemchotea maji, ndiye anayemfungua kile kitambaa na kukifua. Nilitaka kumrudishia jogoo wake, akakataa katakata: alishamtoa kwa Mungu, hapokei tena. Ikabidi achinjwe. Tukamwita mume wa jirani amchinje yeye, ili sufuria liwe la wote.

Mama yangu, Mungu amrehemu, Alhamisi yake ilikuwa ya hospitali ya Kitete. Walipeana zamu wanawake wa jumuiya yao, wanatoka Ng'ambo kwa miguu na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, wakifika wodini wanamuuliza nesi: nani hana mtu? Wakati wote yupo mtu aliyeletwa kutoka mbali, ndugu wamelazimika kurudi shambani. Mama anamlisha, anamfulia, anaondoka. Hakuwa na maneno mengi ya wokovu. Akiulizwa anasali wapi, ndipo anajibu. Sidhani hata mchungaji aliijua ile ratiba.

Nami huko Leipzig nilikuwa naogesha wazee kwa mshahara. Makanisa ya kule Jumapili ni vichwa vichache vyeupe, lakini nyumba nyingi za wazee ziko chini ya mashirika ya makanisa, Diakonie ya Waprotestanti au Caritas ya Wakatoliki, na mzee anaogeshwa awe anasali au hasali. Siwasifii, maana wengi wanaogeshwa vizuri kuliko wanavyotembelewa. Nilifika pia Herrnhut, chimbuko letu Wamoraviani, nikatazama makaburi: mawe yamelazwa chini, ya tajiri na ya mtumishi ukubwa mmoja. (Ukiacha ya Zinzendorf, mwenye ardhi ile, na familia yake. Mwenye shamba ni mwenye shamba.)

Nililisema hili la mnada kwa mzee mmoja wa kanisa la shangazi. Akanijibu kwamba bila mnada bati halipandi, na hapo ana haki, bati nimeliona, linang'aa. Wagonjwa je? Iko kamati, akasema, na ina grupu la WhatsApp. Akanionyesha. Yakobo aliwakemea wanaomwambia mwenye uhitaji akaote moto na kushiba, na mle ndani ndiyo hayo hayo, ugua pole, Bwana atakuponya, vimikono viwili vya njano. Bibi wa Isevya hana simu.

Kwa hiyo mkija: shangazi asijue siku mnayofika. Bebeni noti ndogo. Mkipewa maiki, salamu moja, mkae. Mkibanwa mnunue jogoo, ondokeni naye, msimrudishe hata kinanda kikilia namna gani. Kitete wagonjwa bado wanaonwa, saa ulizeni getini, na nesi bado anajua nani hana mtu. Ulezi uwe mwepesi, sukari muulize kwanza, kikombe mje nacho. Na habari za Ulaya ziacheni nje, la sivyo wodi nzima itawaomba nauli.