Moja, Moja, Moja

Jumamosi tunarudi kutoka kwenye kikao cha wazazi, kitindamimba wangu (mnamjua, ni yuleyule wa maswali) kakaa mbele yangu kwenye pikipiki. Tulipofika kwenye matuta akageuza shingo: "Baba, jana si ulisema majoho ya chekechea ni wizi wa mchana? Mbona umenyoosha mkono?"

Nikamwambia atazame mbele.

Ni kweli nilisema. Nilisema nikiwa mezani, ugali unapoa, kwa sauti kubwa: mtoto wa miaka sita anahitimu nini hadi avae joho la kukodi? Kisha kwenye kikao mwenyekiti akauliza "Wanaoafiki?", mikono ya safu ya mbele ikapanda, ikafuata ya katikati, na wangu ukapanda kama unafukuza nzi. Nilikuwa nimepitisha jicho nyuma kumtafuta mtu mmoja tu asiyenyoosha. Labda naye alikuwa akinitafuta mimi.

Usiku usingizi ulikataa, nikaikumbuka ile manila.

Ulikuwa mwaka 1997, chuo cha ualimu, ambacho sitakitaja ingawa mliosoma nami mnakijua. Siku hiyo nilikuwa na zamu ya jikoni. Kuni zilikuwa mbichi, nikachelewa kipindi cha Saikolojia ya Elimu, nikaingia darasani nanuka moshi na macho mekundu. Mbele palikuwa na benchi refu, wenzangu saba wamekaa, na nafasi moja tupu: ya saba, kabla ya mtu wa mwisho. Mkufunzi akanionyesha kwa chaki. "Kaa hapo, tunapima macho."

Kila mara aliinua vipande viwili vya manila. Kimoja kina mstari mmoja mweusi wa makapeni. Cha pili kina mistari mitatu, yenye namba. Taja ulio sawa na ule wa kwanza, kwa sauti, tukianzia mwanzo wa benchi. Kadi ya kwanza, wote tukasema mbili. Ya pili, wote tukasema tatu. Nikaona ni mchezo wa watoto wa darasa la kwanza, nikaanza kuwaza maharage niliyoyaacha jikoni.

Ikaja kadi ya tatu. Jibu lilikuwa tatu, tena halikuhitaji rula. Wa kwanza akasema, "Moja." Nikasema moyoni, huyu hajalala vizuri. Wa pili: "Moja." Wa tatu alikuwa dada mmoja aliyekuwa akituongoza kwa hesabu darasa zima. Akatazama kadi polepole, akasema, "Moja." Hapo nikajiona nainama kidogo. Nikapangusa macho kwa mkono wenye masizi. Nikafikiri, ni moshi. Nikafikiri, ni pembe niliyokaa. Nikafikiri labda sikuelewa swali, labda wanapima unene. Wa nne, moja. Wa tano, moja. Wa sita alikuwa swahiba wangu wa bwenini, yeye kitanda cha chini mimi cha juu, mtu niliyegawana naye hadi sabuni. Hakunitazama. "Moja."

Nikatazama tena. Na hapa ndipo ninapokwama kila ninapoisimulia habari hii, kwa sababu mstari wa kwanza ulikuwa kama umerefuka. Sio sana. Kidogo.

"Moja," nikasema. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba niliisema kwa sauti nzito kuliko wote walionitangulia.

Tukaendelea hivyo kadi nyingi, mimi nikifuata, mara moja tu nikang'ang'ania jibu langu huku jasho likinitoka. Mwisho darasa likashindwa kujizuia, likaangua kicheko. Wote walijua. Mpango ulipangwa wakati mimi napuliza kuni.

Mkufunzi akatueleza habari za Solomon Asch, aliyefanya jaribio hilo Marekani, matokeo yakaanza kutoka 1951. Raundi 18, na katika 12 kati ya hizo kundi lililopangwa lilitaja jibu la uongo kwa makusudi. Mtu akipima peke yake, makosa hayakufika 1 kwa 100. Akiwekwa katikati ya kundi, zaidi ya theluthi moja ya majibu yalifuata uongo. Robo hivi ya watu hawakuyumba hata mara moja. Na ukimpa mmoja tu wa kusema ukweli pamoja naye, kufuata mkumbo kunashuka hadi kama robo ya kule kwa mwanzo. Baadaye nimesoma kwamba jaribio hilo lilirudiwa katika nchi 17, na kwamba tunaolelewa kwa ujamaa wa ukoo na kijiji tunafuata zaidi. Sawa. Lakini vijana wa Asch walikuwa Wamarekani, wale tunaoambiwa kila mtu na lake.

Kicheko kilipotulia, mkufunzi akaniuliza kwa upole, "Uliiona moja, au uliisema tu?"

"Niliiona, Mwalimu."

Wakacheka upya. Yeye hakucheka. Alisema Asch naye aliwauliza watu wake: kati ya waliofuata kundi, wengi walijishuku macho, wengine walijua wanachokiona ila waliona aibu kutofautiana, na wachache sana walidai wameona kweli kama kundi. Asch mwenyewe, alipokuwa mtoto kule Poland, usiku wa Pasaka ya Wayahudi alimwona bibi yake akimimina kikombe cha ziada cha divai. Mjomba akamwambia ni cha nabii Eliya, atazame vizuri, atakiona kinapungua. Akakitazama. Akaona kama kimepungua.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo, saa nne usiku, nilimpigia simu swahiba wa kitanda cha chini. Siku hizi ni mwalimu mkuu, anazungumza polepole kama anaandika ubaoni. Nikamuuliza kama anaikumbuka manila. Akacheka.

"Wewe ulikuwa unajua mpango," nikamwambia. "Mimi tu ndiye niliyeingia mjini."

Akanyamaza. "Nilijua. Lakini kufika kadi ya sita au ya saba, haki ya Mungu, nilikuwa naiona."

"Unanitania."

"Huenda." Nikasikia anakunywa kitu. "Haya, na hayo majoho umeyalipia?"

"Elfu ishirini na tano. Nimeshatuma."