Nilivyoacha kusema "ne imam"

Nilipoanza kazi ya kuosha vyombo kwenye jiko la mgahawa mmoja Zagreb, ukanushaji wangu wote wa Kikroatia ulikuwa neno moja: "ne". Ne znam, sijui. Ne razumijem, sielewi. Unalipachika mbele ya kitenzi, basi. Likanivusha wiki mbili.

Siku hiyo mpishi kaniita nikabebe gunia la viazi, nami mikono imejaa povu. Nikamjibu: "Ne imam vrijeme," nikikusudia sina muda. Alicheka hadi akaegemea jokofu. "Nemam vremena," akanisahihisha.

Hapo nilikosea mara mbili kwa maneno matatu. Kwanza, "imam", yaani nina, haikai mbali na "ne". Vinaungana kuwa nemam. Ndivyo ilivyo kwa "sam", mimi ni, inayokuwa nisam, na "ću", nita-, inayokuwa neću. Usiku nikayaandika kwenye daftari, nikajiona mjinga: mbona nasi hatusemi "si nina"? Tunasema sina! Nema ni hakuna. Nemoj ni usi-: nemoj dirati, usiguse; kwa wengi, au kwa mtu unayemheshimu, nemojte. Halafu nisam na neću zikanifungulia milango miwili: nisam vidio, sikuona, neću doći, sitakuja.

Kosa la pili lilinisumbua zaidi. Ukisema huna kitu, mara nyingi jina lake nalo hubadilika. Mkate ni kruh, lakini ukiisha dukani utaambiwa "nema kruha". Majedwali ya kitabu hayakunisaidia. Nilichofanya ni kusimama kwenye foleni ya pekara, duka la mikate, nikisikiliza kilichokwisha.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha Kiingereza, na ndicho kilichonitia hofu ya kurundika vikanushi. Wakroatia hurundika bila wasiwasi: nitko ništa ne zna, hakuna anayejua chochote. Nilikuwa naiacha ile "ne" nikidhani imezidi, kumbe bila hiyo sentensi imevunjika.

Miezi kadhaa baadaye siri moja ya jikoni ikamfikia tajiri. Mpishi akanijia uso umemwiva, kidole kinanielekea mimi. Nikaweka sufuria chini: "Nisam nikome ništa rekao." Sikumwambia mtu chochote.

Akanyamaza. Kidole kikashuka.

"Tko te to naučio?" Nani kakufundisha hiyo?