Miiba ya Shida

Mtoto wa dada alinishika juzi, ana daftari la sayansi mkononi: "Mjomba, eti nungunungu anarusha mishale?" Nikamwambia harushi. Akabisha, rafiki yake ndiye aliyemhakikishia. Ikabidi nimsimulie habari za Shida, mbwa wetu.

Ilikuwa Newala, kiangazi, muhogo wa bibi umeiva na wezi wameshaujua. Nguruwe pori alikuwa afadhali: ukigonga debe anakimbia. Nungunungu alikuwa anatuzoea. Hang'oi shina. Anachimba pembeni, anakula mzizi chini kwa chini, na shina linabaki limesimama hadi majani yanaponyauka ndipo unajua umeshaibiwa. Kwenye kipande alichobakiza unaona mikwaruzo ya meno, mipana, miwili miwili. Bibi alikuwa akisema usiku wa mbalamwezi tulale tu, bwana yule anapenda giza.

Basi usiku wa giza tukawa kwenye dungu, Shida amelala chini yetu. Kwanza tulisikia mchakacho. Baadaye sana ndiyo nilisoma kwamba mkiani ana miiba mifupi yenye uwazi ndani, akiitikisa inagongana. Shida akatoka mbio. Nikamulika tochi: mnyama amesimamisha miiba yote, anapiga miguu chini, anaguna, ametupa mgongo. Hakurusha kitu. Alirudi kinyumenyume, kasi ambayo hukuitegemea kwa mnyama mnene vile, akamgonga mbwa, kisha akajiendea zake. Miiba haishiki sana kwenye ngozi ya nungunungu, ikichoma inabaki huko huko, na mingine inaota.

Bibi alishuka, akamfunga Shida kwenye kanga kama mtoto wa kubebwa, akambana katikati ya magoti. Koleo lilikuwa la baiskeli ya mjomba.

"Mume wangu, mulika hapa. Usimulike uso wangu!"

Miiba ilikuwa puani, shavuni, mmoja kifuani. Myeusi na myeupe kwa mapande. Bibi alikuwa anaushika karibu na ngozi, anautazama kwanza umeingia kwa upande gani, halafu anauvuta kwa njia ile ile, bila kupinda. Ngozi inanyanyuka na mwiba, inavutika, inavutika, mara inaachia. Damu kidogo tu. Ya nungunungu wa Marekani ina vijino nchani, ukivuta inararua. Ya huku kwetu haina, ndiyo bahati ya Shida. Muda wote bibi alikuwa anamsema kwa Kimakonde, kwa sauti ya chini, matusi ambayo siwezi kuyaandika, na mbwa ametulia anamsikiliza. Wa kifuani ulikataa. Bibi akaacha koleo, akafuta mikono, akapumua, akarudi. Ulipotoka ulikuwa umeingia karibu nusu kidole. Akasafisha kwa maji ya chumvi, machache, maji ya Newala yenyewe mnajua yalivyo adimu.

Shida alipona. Asubuhi vijana wa jirani walifuata nyayo hadi kwenye shimo. Mlangoni kulikuwa na mifupa iliyoguguniwa, na mzee mmoja akatangaza kwamba huyo si mnyama, ni wa kutumwa. Bibi akacheka. Kwa kawaida nungunungu hali nyama. Anaguguna mifupa kutafuta kalsiamu na fosforasi, na meno yake hayaachi kukua, lazima ayasage kwenye kitu.

Vijana wakataka kufukiza moshi. Nungunungu ni kitoweo, huyo anafika hata kilo 20. Bibi akakataa. Kwa nini? "Shimo la muhanga hilo, si lake." Kweli, mara nyingi anahamia tu kwenye shimo alilochimba mnyama mwingine, kama huyo muhanga mla mchwa. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kumwacha mwizi wa muhogo wako?

Mama anasema bibi alisikia watoto mle ndani. Wanazaliwa macho wazi, miiba laini, inakauka baada ya siku chache, na wanakaa na baba na mama yao. Labda. Mjomba anasema wale vijana wangegawana nyama wenyewe, bibi angeambulia miiba, na alishaichoka. Mimi siamui. Ila bibi alikuwa anaipenda nyama ya nungunungu, hilo hata mama habishi.